Soseji: Safari Yake Kutoka Kiwandani Hadi Sahanini

Soseji imekuwa chakula cha kawaida katika miji yetu. Hufungwa katika kikasha cha chakula cha mtoto aendaye shule, hukaangwa pamoja na chipsi vibandani, hupangwa kwenye sinia za sherehe, na hutiwa ndani ya mkate mrefu ikaitwa hotidogi. Hata hivyo, ni walaji wachache wanaofahamu jinsi inavyotengenezwa, na pengo hilo la maarifa limezibwa na uvumi wa namna mbili. Wapo wanaosema kwamba soseji ni takataka za machinjioni zilizosagwa na kutiwa rangi. Wapo pia wanaoamini kwamba, kwa kuwa imekwisha kuivishwa kiwandani, yaweza kuliwa papo hapo inapotoka kwenye pakiti.

Kauli ya kwanza haina ukweli kwa kiwanda kinachofuata viwango. Kauli ya pili ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kugharimu maisha. Katika makala haya tunaifuata soseji hatua kwa hatua, ili mlaji aelewe ni wapi usalama wake unajengwa, ni wapi unaweza kubomoka, na ni sehemu gani ya ulinzi huo iliyo mikononi mwake mwenyewe.

Soseji tunayoizungumzia

Soseji ni za aina nyingi, lakini kwa mlaji tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni moja: kuna soseji mbichi na kuna soseji iliyopikwa kiwandani. Soseji mbichi ni nyama iliyosagwa, ikaungwa na kujazwa ndani ya ganda bila kupitia moto. Hiyo haina tofauti na nyama ya bucha, na lazima ipikwe kama nyama mbichi. Soseji iliyopikwa ni ile laini, yenye rangi ya waridi ndani na umbile linalorudi ukiibonyeza. Ndiyo inayotumika kutengenezea hotidogi, na ndiyo tunayoieleza hapa.

Asili ya soseji hii ni Ulaya ya kati. Majina yake mawili mashuhuri yametokana na miji ya Frankfurt na Vienna. Wahamiaji kutoka Ujerumani waliipeleka Marekani katika karne ya 19, na huko ikapata umaarufu wa kuliwa ndani ya mkate, ikiuzwa katika mikokoteni ya barabarani na viwanja vya michezo. Viwanda vya leo, popote vilipo, bado hufuata misingi ileile.

Hatua ya kwanza: nyama

Soseji inaweza kutengenezwa kwa nyama ya ng'ombe, ya kuku, ya nguruwe, au kwa mchanganyiko wake. Sehemu kubwa huwa ni vile vipande vidogo vinavyobaki baada ya nyama kukatwa vipande vikubwa vya kuuzwa, kama vile steki na mapaja. Vipande hivyo ni nyama halali ya kuliwa. Udogo wake hauvifanyi kuwa takataka. Kwa hakika, soseji ilibuniwa karne nyingi zilizopita kwa kusudi hilohilo la kutoacha kitu kipotee.

Ipo pia nyama iliyotenganishwa kwa mashine. Mifupa ambayo bado ina nyama kidogo, hasa ya kuku, husukumwa kwa shinikizo kubwa kwenye chujio. Nyama hupenya ikawa rojo laini, na mifupa hubaki nyuma. Nyama ya aina hii ni ya bei nafuu na kwa kuku inaruhusiwa katika nchi nyingi, lakini kanuni za nchi hizo hutaka itajwe kwenye lebo ili mlaji ajue anacholipia. Kwa upande wa ng'ombe, Marekani iliipiga marufuku kuwa chakula cha binadamu mwaka 2004, kutokana na hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, kwa kuwa tishu za uti wa mgongo zingeweza kuchanganyika na rojo hilo.

Hatua hii ndiyo inayoamua ubora wa mwisho. Nyama isiyopimwa na mkaguzi, au iliyoanza kuharibika, haiwezi kusafishwa na viungo wala moshi.

Hatua ya pili: kusaga na kuchanganya

Nyama ikiwa baridi hupitishwa kwenye mashine ya kusagia, kisha huingizwa katika bakuli kubwa la chuma linalozunguka huku visu vikali vikikata kwa kasi. Hapo huongezwa chumvi, mafuta ya mnyama, barafu na viungo.

Kila kimoja kina kazi yake. Chumvi, ambayo kwa kawaida ni karibu asilimia mbili ya uzito wote, haiongezi ladha tu. Huzitoa protini za nyama ndani ya nyuzi zake, nazo hugeuka kuwa kama gundi. Gundi hiyo huyazunguka matone madogo ya mafuta na kuyashikilia pamoja na maji. Bila hiyo, soseji ikipata moto mafuta yangechuruzika yote na kubaki nyama kavu iliyomong'onyoka. Barafu nayo huongeza maji yanayohitajika na, zaidi ya hayo, hupoza. Visu vinavyozunguka huzalisha joto, na mchanganyiko ukizidi takriban nyuzi joto 15 za Selsiasi, mafuta huanza kuyeyuka na gundi ile hushindwa kuyashika.

Katika bakuli hilohilo huingia wanga au protini ya soya, ambavyo husaidia kushika maji na hupunguza gharama. Hapa ndipo palipo na mwanya wa kumpunja mlaji, kwa kuwa maji na wanga ni rahisi kuliko nyama. Ndiyo maana mamlaka huweka vikomo. Kwa mfano, kanuni za Marekani zinataka mafuta katika soseji ya aina hii yasizidi asilimia 30, na mafuta yakijumlishwa na maji yaliyoongezwa yasizidi asilimia 40. Vikomo vya namna hii havikuzuka vyenyewe. Nchini humo, sheria ya ukaguzi wa nyama ilitiwa saini tarehe 30 Juni 1906, mwaka ambao riwaya ya Upton Sinclair kuhusu viwanda vya nyama vya Chicago iliwashtua wasomaji na kuamsha madai ya umma.

Nitriti: kinga yenye masharti

Kiungo kinachoulizwa zaidi ni nitriti ya sodiamu, ambayo kwenye lebo huandikwa pia E250. Hutiwa kwa kiasi kidogo sana, kwa kipimo cha miligramu kwa kila kilo ya nyama. Nitriti ndiyo inayoipa soseji rangi ya waridi isiyopotea hata ikipikwa. Nyama ya kawaida ikipikwa hugeuka kahawia. Lakini rangi siyo sababu kuu ya kuitumia.

Mwaka 1793, mjini Wildbad katika Ujerumani ya kusini, watu 13 waliugua baada ya kula soseji ya damu, na sita kati yao walifariki. Katika miaka ya 1820 tabibu Justinus Kerner alichunguza matukio ya namna hiyo na kueleza kwa kina dalili za kile kilichoitwa sumu ya soseji. Leo tunajua kwamba sumu hiyo hutolewa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, na ugonjwa wenyewe, botulizimu, umepata jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji. Mbegu za bakteria huyo hustahimili moto wa kawaida wa kupikia, nazo huchipua mahali pasipo na hewa ya oksijeni, kama ndani ya soseji au katika pakiti iliyofyonzwa hewa. Nitriti huzizuia.

Upande wa pili wa shilingi ni huu. Nitriti inaweza kuungana na sehemu za protini na kuunda kemikali ziitwazo nitrosamini, hasa katika moto mkali, na baadhi ya hizo husababisha saratani. Ili kupunguza jambo hilo, viwanda huongeza vitamini C au jamii yake, iandikwayo E300 au E301. Mwezi Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa, soseji ikiwamo, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Lilikadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18.

Takwimu hiyo yafaa isomwe kwa utulivu. Haimaanishi kwamba watu 18 kati ya 100 wanaokula soseji watapata saratani. Yamaanisha kwamba uwezekano ambao mtu alikuwa nao, ambao kwa kawaida ni mdogo, unaongezeka kwa kiasi hicho. Gramu 50 ni takriban soseji moja. Ushauri wetu ni kwamba soseji iwe chakula cha mara mojamoja, isiwe kitoweo cha kila asubuhi, na isiunguzwe hadi kuwa nyeusi.

Hatua ya tatu: ganda, moshi na moto

Rojo likiwa tayari husukumwa na mashine ndani ya ganda refu, ambalo husokotwa kila baada ya sentimita kadhaa na kufanya mnyororo wa soseji. Ganda laweza kuwa la utumbo wa mnyama uliosafishwa, la kolajeni itokanayo na ngozi ya mnyama, au la selulosi itokanayo na mimea. Ganda la utumbo na la kolajeni ya kawaida huliwa. Lile la selulosi hutumika kama kalibu tu: soseji ikiiva, mashine hulichana na kulivua. Ndiyo sababu soseji nyingi za madukani huonekana hazina ganda lolote.

Kwa Muislamu, na kwa yeyote aepukaye nguruwe, suala la ganda ni zito. Soseji yaweza kuwa na maneno "nyama ya kuku" kwa maandishi makubwa, ilhali ganda lake limetokana na mnyama mwingine. Nembo ya halali iliyotolewa na chombo kinachotambulika hupaswa kuzingatia nyama, ganda na viungo vyote. Pasipo na nembo, soma orodha ya viambato, na kama haielezi, una haki ya kumuuliza muuzaji au mtengenezaji.

Minyororo hiyo hutundikwa katika chumba cha moto. Humo hukaushwa, hufukizwa moshi wa kuni au kunyunyiziwa moshi uliogeuzwa kuwa kimiminika, kisha hupikwa kwa mvuke hadi katikati ya soseji pafikie zaidi ya nyuzi joto 70. Joto hilo huua bakteria wa kawaida wanaosababisha maradhi. Mara baada ya hapo soseji humwagiwa maji baridi na kupozwa haraka, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 ndimo bakteria wengi huzaliana.

Hatua ya nne: pakiti, na hatari iliyojificha

Kwa wakati huu soseji imeiva na iko salama. Lakini bado haijafika sokoni. Inapaswa kuvuliwa ganda, kupangwa na kufungwa katika pakiti iliyofyonzwa hewa. Ni katika muda huu mfupi, baada ya moto na kabla ya pakiti, ambapo soseji hugusana na mikanda ya mashine, meza, visu na mikono. Ikichafuliwa hapo, hakuna moto mwingine kiwandani utakaoisafisha. Kwa sababu hiyo kiwanda kinachojali hutenga kabisa chumba cha nyama mbichi na chumba cha bidhaa iliyoiva, na wafanyakazi wa upande mmoja hawaingii upande wa pili bila kubadili mavazi na viatu. Mkaguzi makini huitazama sana mipaka hiyo.

Adui mkubwa wa hatua hii ni bakteria aitwaye Listeria monocytogenes. Hupenda mahali penye unyevunyevu, kama mifereji ya sakafu na nyufa za mashine, naye ana sifa inayomtofautisha na wengi: huendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu. Baridi humchelewesha tu.

Yaliyotokea Afrika Kusini yanatosha kuwa funzo. Kuanzia mwaka 2017 hospitali za nchi hiyo zilipokea wagonjwa wengi wa listeriosisi kupita kawaida. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba chanzo kilikuwa kimepatikana: poloni, ambayo ni ndugu mkubwa wa soseji yetu, iliyotoka katika kiwanda kimoja mjini Polokwane. Kufikia Julai 2018 wagonjwa 1,060 walikuwa wamethibitishwa katika maabara, na watu 216 walikuwa wamefariki. Wagonjwa takriban wanne katika kila kumi walikuwa watoto wachanga wa umri wa siku 28 au chini ya hapo. Watoto hao hawakula poloni. Kwa kawaida mtoto wa umri huo huambukizwa na mama yake, ama tumboni ama wakati wa kuzaliwa.

Poloni ni chakula kilichopikwa kiwandani na ambacho watu wengi hukila baridi, ndani ya mkate. Katika nyumba ambamo bidhaa iliyochafuka ilipikwa tena hadi ikatoa mvuke, bakteria huyo angekufa. Hiyo ndiyo nusu ya ukweli tuliyoitaja mwanzoni. Ni kweli kwamba soseji imeivishwa kiwandani. Si kweli kwamba kuivishwa huko kunatosha.

Wenye hatari zaidi ni wajawazito, watoto wachanga, wazee, na wale ambao kinga ya mwili imepungua, wakiwamo wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye saratani na wenye kisukari. Kwa mjamzito, ugonjwa waweza kuonekana kama mafua madogo tu, huku ujauzito ukiharibika. Dalili huweza kuchukua hata siku 70 kujitokeza, hivyo ni vigumu mgonjwa kukumbuka alichokula. Mjamzito mwenye homa isiyo na sababu ya wazi awahi kituo cha afya.

Namna ya kusoma lebo

Kabla ya kulipa, geuza pakiti. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi kuliko vyote. Kama maji au wanga vimetangulia nyama, umejua unachonunua. Tazama pia mambo haya:

1. Jina la bidhaa linasema ni mbichi au imepikwa.
2. Aina ya nyama imetajwa wazi, pamoja na nyama iliyotenganishwa kwa mashine kama ipo.
3. Vitu vinavyoweza kudhuru wenye mzio, kama soya, ngano na maziwa, vimeonyeshwa.
4. Jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, na tarehe ya mwisho ya kutumika vinasomeka. Namba ya toleo ndiyo inayowezesha bidhaa mbovu kuondolewa sokoni bila kuondoa zote.
5. Alama ya ubora ya mamlaka ya viwango ipo.

Usinunue pakiti iliyovimba, iliyopasuka, iliyojaa maji meupe yanayovutika, au iliyolala juu ya jokofu lililozimwa. Wapo wauzaji wanaozima jokofu usiku ili kubana gharama za umeme. Dalili yake ni pakiti zenye barafu iliyoyeyuka ikaganda upya kama bonge moja.

Soseji za kuuzwa kwa kuhesabu, zilizotolewa kwenye pakiti kubwa na kuwekwa katika mfuko mtupu, zimepoteza lebo yake. Mwombe muuzaji akuonyeshe pakiti zilikotoka. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo.

Nyumbani na kibandani

Nunua soseji mwisho, ukiwa tayari kurudi nyumbani, na uziweke mara moja katika jokofu lenye nyuzi joto chini ya 5. Ukifungua pakiti, fuata muda uliotajwa kwenye lebo. Kama haukutajwa, zimalize ndani ya siku chache au zigandishe. Umeme ukikatika, epuka kufungua mlango wa jokofu. Soseji zilizopoteza baridi kwa zaidi ya saa mbili hazifai kurudishwa kwenye ubaridi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Zipashe moto hadi zitoe mvuke ndani, si juu tu. Kuzikaanga haraka hadi ngozi ikawa kahawia hakutoshi kama katikati bado pana ubaridi. Kama zimeganda, ziyeyushe ndani ya jokofu, si juani wala kwenye beseni la maji ya moto. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi usitumike kukatia soseji iliyoiva.

Kwa mtoto wa shule, pika soseji asubuhi ileile na uhakikishe italiwa mapema. Kikasha kilichofungwa saa 12 asubuhi na kufunguliwa saa 7 mchana kimekaa saa saba katika joto linalopendwa na bakteria. Siku kama hiyo ni afadhali ndizi na karanga. Kwa mtoto aliye chini ya miaka minne, ikate soseji kwa urefu kwanza, kisha vipande vidogo. Kipande cha duara kina ukubwa uleule wa koo la mtoto na huweza kuliziba kabisa.

Kwenye kibanda cha barabarani, chagua soseji inayotoka motoni mbele ya macho yako. Ile iliyokaangwa asubuhi ikapangwa kwenye kabati la kioo lisilo na joto, mwombe mwenye kibanda airudishe kwenye mafuta ya moto hadi ipate joto ndani. Angalia pia kachumbari inayotiwa juu yake, kwa kuwa hiyo haipiti motoni.

Mlaji ni mkaguzi wa mwisho

Sisi hukagua viwanda, hupima sampuli na huondoa sokoni bidhaa zisizokidhi viwango. Lakini hatupo katika kila jikoni, wala hatuwezi kujua kwamba jokofu la duka fulani lilizimwa usiku kucha. Ukikutana na soseji yenye dosari, usiishie kuitupa. Hifadhi pakiti na risiti, andika namba ya toleo na jina la duka, kisha toa taarifa katika ofisi ya mamlaka ya viwango iliyo karibu nawe au kwa afisa afya wa kata. Taarifa ya mlaji mmoja yaweza kuwa ndiyo inayokamilisha picha ambayo wengine kumi hawakuiona.

Na wakati huo huo, jambo lililo ndani ya uwezo wako leo ni dogo: ipashe moto soseji kabla ya kuila, hata kama imeandikwa kwamba imeiva.